Mpira wa Tatu Ukae Chini

Rusimbi, Ujiji, baada ya alasiri

Mwanangu Sadiki,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tatu. Nimezika kaka zangu wanne, wote wamenizidi kimo na hakuna aliyenizidi nguvu. Mitumbwi miwili imeoza nikiwa naitumia, na injini tatu za boti zimekufa mimi nikiwa bado natembea. Kipindupindu nimekipona. Mamba wa kule Mwamgongo alinikosa kwa urefu wa mkono, akaondoka na kandambili. Na daktari wa kwanza, yule aliyesema sitaiona Idi, amehamishwa mkoa mwingine, mimi nipo hapa nakula. Hayo watu wanayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Nayataja kwa sababu ninachokuandikia humu kitakufanya udhani baba yako ni mwoga. Nataka kwanza uwe umeyasoma haya.

Barua naandika mwenyewe. Kusoma nilijifunzia ukubwani, darasa la watu wazima, na nilitoka wa kwanza, ingawa tulikuwa saba na wawili kati yetu hawakuwa wanaona vizuri. Ningeweza kumpa mtu mwenye mwandiko mzuri nikamtajia, lakini wenye mwandiko mzuri wana midomo, na magharibi ingefika habari iko sokoni. Herufi zangu ni kubwa. Utazisoma hata treni ikitikisika.

Mambo ya safari ya hospitali siyagusi. Sweta, kadi ya bima, dawa za asubuhi na dawa za jioni, usinunue samaki wa stesheni, usibebe mzigo, hayo mama yako amekwisha kukwambia mara nne na kesho atakwambia tena ndani ya behewa, maana mko wote. Langu ni moja, nalo ni lile la kidude cha mipira, kile cha kuvutia pumzi.

Jana mchana nilikuona uani. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, kile kidude changu umekitoa kabatini, mjomba wako Yusufu amechuchumaa mbele yako kama refa. Ukaweka mrija mdomoni, ukavuta mara moja, kwa nguvu, ta! Mipira yote mitatu ikagonga juu. Mjomba wako akapiga kelele.

"Mitatu! Damu ya mzee hiyo! Huko Dar watakoma!"

Wewe ukacheka, halafu ukakohoa, halafu ukashika goti ukatulia kidogo ili tusione kwamba umechoka. Mimi niliona. Ukageuka ukaniuliza, "Vipi baba, nimekufikia?"

Mama yako alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Nikafungua mdomo nikijua ninachotaka kusema, na mdomo ukasema, "Vizuri." Mama yako akarudi jikoni.

Haikuwa vizuri, Sadiki. Ndivyo nilivyofanya mimi, na nusura nife.

Najua ulivyolisikia wewe jambo hili. Umelisikia kwangu, barazani kwa wenye kahawa, mara nyingi, na kila mara limekuwa refu zaidi. Kwamba mimi nilipasuliwa kifua Dar, nikakaa siku nyingi kuliko wengine kwa sababu madaktari walitaka kunichunguza, mzee mwenye mapafu kama mvukuto wa mhunzi. Kwamba kile kidude chenye vijumba vitatu, ambacho wenzangu wodini walikuwa wanapandisha mpira mmoja kwa shida, mimi nilipandisha mitatu siku ya pili tu. Hilo la mitatu ni kweli. La madaktari kunichunguza nililitunga mimi kwenye treni, tulipokuwa tunarudi, kati ya Tabora na Uvinza.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Siku moja kabla ya kupasuliwa alikuja binti kitandani kwangu, mwembamba, viatu vya mpira, akasema yeye ni wa mazoezi. Jina lake Esperansi. Akanisikia ninavyosema, akaniamkia, "Bwakeye, mzee," nikajua huyu ni wa kwetu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye amezaliwa upande wa Kasulu. Tukasemezana kidogo. Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia kazi yangu ni maji. Nyavu zikinasa kwenye mawe nazamia nazinasua. Nanga ikikwama naifuata. Mtu akiangusha injini ziwani haiti fundi kwanza, ananiita mimi. Nikamwambia kwamba kuanzia Ujiji mpaka juu ya Gombe hakuna aliyekaa chini ya maji muda mrefu kuliko mimi, na waliobisha wote niliwaacha juu wakitafuta hewa.

Akasema, "Basi wewe utakuwa mwanafunzi wangu mzuri kuliko wote."

Neno hilo lilinilevya. Ndiyo shida yangu, na sijui kama umeirithi, lakini jana niliona umeirithi.

Akanifundisha palepale. Ukishapasuliwa, alisema, kifua kitauma, na mtu akiumwa kifua anavuta hewa kidogo kidogo ya juu. Kule chini ya pafu hewa haifiki. Makohozi yanakaa, yanaganda, pafu linajifunga, homa inaingia. Kwa hiyo kila saa ukiwa macho, unakaa wima, unavuta polepole mara kumi. Mpira wa kwanza upande, wa pili upande, na hapo ushikilie ukihesabu mpaka tatu. Wa tatu ukae chini.

Nikamwambia, "Binti, kama wa tatu haupandi, wameuweka wa nini?"

Akasema, "Wameuweka ili ukuonyeshe kwamba umekosea."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kuwafariji wasioweza.

Kulala na kuamka kwa upasuaji wenyewe sina la kukueleza, maana sikuwepo. Utafumba macho, utafumbua, kutakuwa na mirija. Wakikutoa mrija wa kooni utataka maji. Yote hayo wao ndio wanayashughulikia, wewe huna kazi. Kazi yako inaanza kesho yake, na hakuna mtu anayeweza kukufanyia. Ndiyo maana naandika.

Siku ya pili walinitoa chumba cha uangalizi wakanileta wodini. Kitanda cha jirani alikuwa Mzee Gwasa, wa hapahapa Buzebazeba, aliyekuwa akifanya kazi reli. Alipasuliwa siku moja kabla yangu. Mtu mdogo, mkimya, miguu kama ya korongo. Esperansi akatukalisha wote wawili ukingoni mwa vitanda, miguu inaning'inia, kila mmoja na kidude chake. Gwasa akaanza. Akavuta polepole kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Mpira wa kwanza ukapanda. Wa pili ukatetemeka, ukapanda nusu, ukarudi. Uso wake ulikuwa umekunjamana na jasho linamtoka.

Mimi nikasema, "We Gwasa, mipira yako imelala. Iamshe na chai."

Wodi ikacheka. Nikaweka mrija mdomoni, nikavuta mara moja kama mtu anayerudi juu kutoka chini ya boti. Ta! Mitatu. Watu wakapiga makofi, hata mgonjwa wa dirishani aliyekuwa amekatazwa kuinua mikono. Mgeni wa mtu mmoja akapiga picha kwa simu.

Esperansi hakupiga makofi. Akasema, "Hapana, mzee. Rudia. Buhoro, polepole."

Nikarudia vilevile. Ta!

"Buhoro, mzee. Wa tatu ukae chini."

"Siwezi kuufundisha mpira kukaa," nikamwambia. "Kifua changu ndicho kilivyo."

Akanitazama, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Halafu akaleta mto mdogo. Akasema nikitaka kukohoa niukumbatie, niubane kifuani kwa mikono yote miwili, ili mfupa uliofungwa kwa waya usitikisike, ndipo nikohoe kwa nguvu. Kukohoa ni lazima, akasema, usingoje kikohozi kije chenyewe.

Nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, kwamba mimi nimekumbatia wake wawili katika maisha yangu na injini moja ya boti, ya nguvu farasi arobaini, chini ya maji, mto sijawahi na sitaanza leo. Wodi ikacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijaribu nikaona kucheka kunauma.

Hapo ndipo pa kusimama, Sadiki, nikueleze kitu ambacho sijamweleza mtu.

Mimi nilikuwa najua. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Si kwamba nilikuwa mjinga. Mzamiaji yeyote anajua kwamba mtu anayefyonza hewa kwa pupa juu ya maji anajaza mabega tu. Anazama, anafika pima tatu, kifua kinadai, anarudi. Anayekaa chini ni yule aliyevuta taratibu, tumbo kwanza, mbavu za chini zikafunguka, halafu juu. Nimewafundisha hilo vijana wengi, na wewe mwenyewe nilikufundisha pale gatini ukiwa na miaka minane, nikaweka kiganja changu kwenye tumbo lako nikakwambia kisukume kiganja changu. Unakumbuka. Kile alichokuwa anakitaka binti wa Kasulu kilikuwa kitu kilekile nilichokifanya miaka hamsini.

Kwa nini sikukifanya? Kwa sababu kilikuwa kinauma. Kuvuta kwa kushtukiza hakuumi sana, kunaisha kabla maumivu hayajafika. Ukivuta polepole unayaendea maumivu kwa miguu yako mwenyewe, unayaona yanakuja, na ukifika ulipofika wanakwambia ushikilie, moja, mbili, tatu. Nilijaribu mara moja, mapema, shuka usoni ili Gwasa asinione. Nilifika nusu nikaacha. Nikaogopa. Ile mipira mitatu ilikuwa njia yangu ya kutorudia.

Basi ikawa hivyo. Saa ya kutazama wagonjwa nilipandisha mitatu, watu wakashangaa. Wakiondoka nilikiweka kidude kando. Esperansi akipita, "Umefanya mara ngapi?" nasema, "Kumi, kila saa." Gwasa yeye anavuta chake. Makohozi yakija kooni nayameza. Kukaa wima kunauma, nalala chali. Wakiniambia nitembee mpaka mlangoni natembea mpaka mlangoni na kurudi, kifua mbele, nikiwa nimebana pumzi njia nzima. Kubana pumzi najua. Kwa macho ya mtu wa mbali nilikuwa ndiye mzima kuliko wote.

Siku ya nne, mama yako alinipa uji asubuhi nikasema baridi imezidi. Dar, Sadiki, mwezi wa joto. Akanigusa. Akamwita nesi. Kile kibanio cha kidoleni kinachosoma hewa ya damu kilikuwa kinalia, na mimi nilikuwa namwambia nesi kibanio chake kibovu. Nikataka kuendelea kumwambia, nikakuta maneno yapo lakini upepo wa kuyatoa haupo. Kufika adhuhuri nilikuwa nimerudishwa chumba cha uangalizi.

Daktari alimweleza mama yako mbele yangu, akidhani mimi sisikii. Pafu la kushoto, sehemu ya chini, limejifunga. Alisema ni kama mfuko wa nailoni ulioloa ndani, pande zake zikashikana. Na pembeni yake pamejaa maji. Wakanitoboa ubavuni, wakatia mrija, yakatoka maji rangi ya chai, chupa nzima na zaidi. Nilibaki mle siku sita. Mama yako alikuwa anakaa kwenye benchi la nje, na wakimruhusu anaingia anakaa.

Siku ya pili ya hizo sita alikuja mtu kuniaga. Gwasa. Anatembea mwenyewe, mto wake kifuani kama mama aliyebeba mtoto, begi lake kabeba mkwe wake. Amepewa ruhusa. Nilijua atasema kitu, mimi ningesema. Akasema tu, "Ramadhani, mimi natangulia. Vuta taratibu, bwana. Inauma siku nne, halafu inaacha." Akaondoka na miguu yake ya korongo.

Esperansi naye alikuja kila siku. Nilimngoja anisute. Siku ya tatu nikamwambia, "Husemi?"

"Niseme nini, mzee? Vuta."

Nikavuta. Polepole. Mpira wa kwanza ulitikisika, ukakaa. Huo mmoja, Sadiki, mimi niliyewahi kupandisha mitatu. Nikavuta tena. Nilisikia kitu kinabanduka ndani, chini kabisa, kama gundi inavyoachia, na maumivu yake sina mfano wa kukupa. Machozi yakanitoka.

"Ni jasho," nikasema.

"Sawa, mzee. Futa jasho, rudia."

Nikauomba ule mto mwenyewe. Nikaukumbatia, nikakohoa, yakatoka makohozi ambayo sitakuelezea kwa sababu mama yako anaweza kuisoma barua hii. Mara kumi kila saa. Safari hii nilikuwa nahesabu kweli. Siku ya tano mpira wa pili ukapanda, ukakaa juu, moja, mbili, tatu, na wa tatu umelala chini hautikisiki. Hakukuwa na mtu wa kupiga makofi. Esperansi aliandika kwenye karatasi yake akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hivyo ndivyo nilivyopona. Nilirudi nyumbani siku nyingi baada ya Gwasa, na watu walipouliza kwa nini nimechelewa, nilikuwa na jibu tayari. Lilipokelewa vizuri. Kidude mama yako alikiweka kabatini na vikombe vya wageni, na kila mgeni nilimwonyesha. Sikuona ubaya. Nilidhani ni hadithi ya mtu mzima na kifua chake, inamdhuru nani? Sikujua kuna siku mwanangu ataambiwa vali ya moyo wake imekakamaa na inabidi afunguliwe kifua meza zilezile, na kwamba katika kujiandaa hatamwuliza mtu, kwa sababu anadhani baba yake amekwisha kumfundisha.

Kuna lingine, na hili nalisema kwa kifupi. Daktari aliposema ugonjwa wako unatokana na homa ya koo ya utotoni isiyotibiwa, wewe ulisema hukumbuki. Mimi nakumbuka. Ulikuwa na miaka kumi. Koo liliuma wiki nzima, baadaye magoti yakavimba, leo hili kesho lile. Tulikuwa tunapakia nyavu kwenda Mwamgongo. Nikasema unakwepa mzigo. Mama yako alikuwa anakukanda kwa maji ya moto na kusema twende zahanati, mimi nikasema mtoto wa kiume haendi zahanati kwa goti, nikakupandisha kwenye boti. Hukulia. Nilikusifu mbele ya watu kwa kutolia. Sijui kama zahanati ingebadilisha kitu. Daktari hakusema, na mimi sikumwuliza kwa sababu sikutaka jibu. Nakuandikia ili ulijue, usije ukalisikia kwa mwingine.

Lakini hilo limepita, na sina mkono wa kulifikia. La kidude bado halijapita. Wiki mbili kutoka sasa utakuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, na mtu wa mazoezi atakwambia polepole. Naomba hapo usinikumbuke mimi wa barazani. Kutakuwa na watu wanatazama. Wewe ni kijana, fundi wa injini, una mikono mikubwa, watataka kuona. Na pembeni yako atakuwepo mzee wa watu asiyepandisha hata mmoja. Mwige huyo.

Ukisikia maumivu yanakuja usikimbilie juu. Yaendee. Sema kwa sauti kwamba inauma, waambie, dawa ya maumivu ipo na wanaitoa kwa anayesema. Mimi sikusema, nikadhani naokoa kitu. Mto uukumbatie mapema, tangu siku ya kwanza, na akitokea wa kukucheka mwache acheke. Ukiamka kitandani usijivute kwa mikono, jigeuze ubavu kwanza. Wakikuuliza umefanya mara ngapi, na umefanya mbili, sema mbili.

Najua utakaa huko kwa dada yako miezi mingi, kwa ajili ya kliniki, na mjini kuna injini nyingi za kutengeneza. Inawezekana usirudi kukaa hapa. Sitakuzuia. Gatini nitakwenda mwenyewe, na kwa umri huu bado nawazidi wanaozamia sasa, ambao wakitoka majini wanakaa chini dakika kumi. Mimi nakaa tano.

Tangu jana nimefanya moja. Kile kidude nimekitoa kwenye begi lako. Usikitafute. Huko watakupa kipya na mtu wa kukufundisha, na heri uanze naye bila chochote kutoka kwangu.

Mjomba wako Yusufu atakuja kesho stesheni na atataka kukupigia makofi tena. Kesho nitamweleza, akiwa peke yake. Wa barazani nitawaeleza polepole, mmoja mmoja, kwa sababu wakiwa wengi najijua.

Sasa, mimi nimekwambia mambo mengi katika maisha yako, na mengi yalikuwa na chumvi. Una haki ya kudhani hata haya nimeyatunga ili nikutishe. Kwa hiyo nakupa wa kuwauliza. Mzee Gwasa yupo Buzebazeba, nyuma ya msikiti, nyumba yenye mlango wa bati la bluu. Hana simu, lakini jirani yake anayo na namba nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Atakueleza, na hataongeza neno. Esperansi, kama bado yupo pale, muulize mzee wa Ujiji aliyekataa mto. Hatakuwa amesahau.

Na yupo mama yako. Alikuwa kwenye benchi. Aliiona chupa. Amenisikia barazani nikisema nilivyosema, amepita na sinia la kahawa katikati ya maneno yangu, na hakuwahi kunikosoa mbele ya mtu wala chumbani. Sikumwomba anifichie, alinifichia tu. Muulize ndani ya treni, kabla hamjafika Uvinza. Atasita. Mwambie mimi nimesema aseme yote.

Baba yako,
Ramadhani